Jinsi ya kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kutatua mafumbo ya hesabu bila kubahatisha

Likizo ya Juni mpwa wangu wa darasa la nne alikuja kukaa kwetu Ujiji. Dada alinipigia simu kabla: "Kaka, kujumlisha anajua, kuzidisha anajua, ila akikutana na fumbo anavuruga kila kitu. Na mwaka huu ana upimaji wa kitaifa." Nafundisha hesabu shule ya msingi huku Kigoma, kwa hiyo malalamiko hayo nayasikia kila muhula. Jioni ya kwanza nilimwandikia hivi:

Meli ya Liemba imepakia magunia 26 ya dagaa na madumu 10 ya mawese. Nahodha ana umri gani?

Hakumaliza hata dakika. Akaandika 26 + 10 = 36, akapiga mstari chini ya jibu kama walivyofundishwa. "Nahodha ana miaka thelathini na sita, mjomba."

Mwaka 1979 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali la aina hii, la kondoo na mbuzi ndani ya meli. Watoto 76 walitaja umri wa nahodha kwa kutumia namba za wale wanyama. Basi usimwite mwanao mzito. Amezoea kwamba fumbo ni namba mbili zilizofichwa kwenye maneno, na kazi yake ni kuzichomoa na kuchagua alama. Hatua zinazofuata ni za kumtoa huko. Sisi zilituchukua wiki tatu, dakika ishirini kila jioni.

Hatua ya 1: Vifaa

Vizibo vya soda arobaini, au mise (kokwa za michikichi) kama unaishi karibu na wanaokamua mawese. Daftari lisilo na mistari. Kalamu ya wino, na hapo sikubaliani na wanaopenda penseli: mtoto mwenye ufutio anafuta kosa kabla hujaliona, na lile kosa ndilo linalokuonyesha alivyofikiri. Simu iwe chumba kingine. Fimbo isiwepo kabisa, maana mtoto anayeogopa kupigwa hutafuta jibu usoni mwako badala ya kulitafuta kwenye swali.

Hatua ya 2: Anza na fumbo lisilo na namba

"Mama Asha alinunua ndoo za dagaa Kibirizi alfajiri. Nyingine aliziuza zikiwa mbichi sokoni Mwanga, zilizobaki akazianika." Basi, umeishia hapo. Muulize: nini kimetokea? Nini kilikuwa kingi kikapungua? Swali gani linaweza kuulizwa hapa?

Kama nyumbani mnaongea Kiha, mwache asimulie kwa Kiha. Mpwa wangu alikuwa akisoma "kila mmoja" kwa sauti safi kabisa bila kujua inadai nini. Aliposimulia fumbo lilelile kwa Kiha, aligundua mwenyewe kwamba wote wanapata sawa. Hesabu aliijua siku zote. Kilichokuwa kimemkwamisha ni lugha, na shuleni alikuwa akiwekewa mkasi, yaani alama ya kosa, kwa hesabu.

Akishasimulia vizuri mara mbili, ndipo utie namba.

Hatua ya 3: Bandua orodha ya maneno

Hii ndiyo hatua iliyonila muda mwingi kuliko zote, nyumbani na darasani, kwa hiyo nivumilie.

Madarasa mengi yana karatasi ya manila ukutani: "jumla, wote, zaidi" ni kujumlisha, "baki, tofauti" ni kutoa, "kila" ni kuzidisha, "gawana" ni kugawanya. Mimi mwenyewe niliiandika na kuibandika kwa miaka. Inavutia kwa sababu wiki ya kwanza watoto wanapata. Wanapata kwa sababu mafumbo ya mwanzo yametungwa yakubaliane na orodha. Tazama haya matatu:

Asha ana mafungu 12 ya migebuka. Ana mafungu 5 zaidi ya Neema. Neema ana mafungu mangapi? (Mwenye orodha anaona "zaidi", anaandika 17. Jibu ni 7.)

Mzee Hamisi ameuza chupa 15 za mawese, zimebaki 8. Alianza na chupa ngapi? (Anaona "zimebaki", anaandika 7. Jibu ni 23.)

Wanafunzi 24 wamekaa, kila dawati wanafunzi 3. Madawati ni mangapi? (Anaona "kila", anaandika 72. Jibu ni 8.)

Mpwa wangu alikosa yote matatu, na yote kwa kufuata orodha sawasawa. Nikamwambia tangu leo neno halichagui alama, kinachochagua ni kisa. Halafu nikakosea, na kosa hili usilirudie: jioni mbili mfululizo nilimpa mafumbo ya kutega tu, kila moja neno likielekeza kusikofaa. Jioni ya tatu akaanza kupata yote haraka haraka. Nilifurahi mpaka nilipomuuliza amefikaje. "Naangalia neno, halafu nafanya kinyume." Alikuwa amejitengenezea orodha nyingine, iliyopinduliwa. Ilibidi turudi nyuma kabisa, kwenye mafumbo yasiyo na namba.

Kwa hiyo changanya. Katika kila mafumbo manne, mawili neno likubaliane na alama, moja likatae, na moja lisiwe na neno lolote la kushikilia. La aina hiyo ya mwisho nililipata bandarini. Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924. Ilikaa chini ya maji miaka mingapi? Hapo hakuna "baki" wala "tofauti", na kuna namba tatu wakati zinahitajika mbili. Mpwa wangu alikaa nalo muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ya 1915 hatuitaki, wakati huo ilikuwa inaelea." Akaandika 1924 − 1916 = 8.

Tahadhari zaidi. Wiki ya kwanza ya kuacha orodha maksi zitashuka, maana umemnyang'anya mtoto mkongojo kabla hajazoea kutembea. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo. Pili, mwalimu wake anaweza kuendelea na orodha. Usimseme mwalimu mbele ya mtoto. Mwambie tu asome kisa kwanza, halafu atazame kama neno linakubali. Tatu, kama mtihani uko wiki ijayo, hatua hii iache mpaka baada ya mtihani, maana katikati ya njia inachanganya. Nne, usitafute mafumbo magumu ya namba kubwa. Ukiacha miaka kama ile ya Liemba, namba zisizidi 50 ili akili yote iende kwenye kisa.

Hatua ya 4: Achore

Sina njia ninayoiamini kuliko mistatili. Kwa Asha na Neema, achore mstatili mrefu wa Asha, chini yake mfupi wa Neema, vianzie sehemu moja kushoto. Kile kipande cha Asha kinachozidi aandike 5, na mstatili mzima wa Asha aandike 12. Mtoto anaona kwa macho kwamba Neema ni 12 ukiondoa 5. Muulize kwanza, "Nani ana wengi?" Wanaokosea hapa huwa wamempa Neema mstatili mrefu, nawe unajua papo hapo kosa lilianzia wapi.

Asiyeweza mistatili apange vizibo kwa mistari miwili, kisha avizungushie kalamu. Picha za samaki wenye magamba na mkia zikatae kwa upole, zinakula jioni nzima.

Hatua ya 5: Nyamaza

Akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka thelathini kabla ya kufungua mdomo. Ukifungua, uliza tu: "Nisimulie tena." Usimpe alama ya kutumia. Ukimpa mara moja, jioni zote zinazofuata atakungojea.

Hatua ya 6: Jibu lirudi kwenye kisa

George Pólya, mwanahesabu mzaliwa wa Hungaria, aligawa utatuzi katika sehemu nne: kulielewa swali, kupanga, kutekeleza, na kutazama nyuma. Sehemu ya nne ndiyo tunayoiruka sana, kwa sababu mtoto akishapiga mistari miwili chini ya jibu anaona amemaliza.

Mpe hili: watu 50 wanataka kwenda Gombe kwa boti inayobeba watu 12 kwa safari. Boti itakwenda safari ngapi? Mpwa wangu aliandika 4 baki 2. Nikamwambia, "Simama ufukweni, tazama boti inavyorudi ile mara ya nne." Alitazama daftari, akasema, "Wale wawili bado wapo." Safari 5. Sasa badilisha swali: mafuta ya lita 50 yanajaza madumu mangapi ya lita 12? Kugawanya ni kulekule, ila madumu yaliyojaa ni 4. Ayafanye yote mawili jioni moja, yakifuatana.

Fumbo la chupa za mawese pia alirudishe hapa. Kama Mzee Hamisi alianza na 7, hizo 15 aliziuzaje?

Hatua ya 7: Atunge yeye

Wiki ya tatu punguza mafumbo yako, aanze kutunga ya kwake, moja kila jioni, na wewe utatue mbele yake. Mengi yatatoka yakiwa na upungufu. La kwanza la mpwa wangu lilikuwa hili: "Baba alipanda treni ya Tabora na mikungu 6 ya ndizi. Njiani akauza. Alifika na mingapi?" Usimsahihishie. Niliuliza, "Nikitaka kulitatua, unipe nini tena?" Alifikiri hadi chai ikapoa, kisha akaongeza: nusu aliiuza Uvinza, na mmoja Kaliua. Nilichora mistatili sita yeye akinisimamia, nikakata mitatu, nikakata mmoja. Alilinganisha na jibu alilokuwa ameliandika nyuma ya karatasi, mikungu 2, kisha akafungua ukurasa mpya aandike lingine.