Mtoto akiuliza kwa nini mwenzake hagusi mtungi: jinsi ya kumweleza matabaka ya India

Kwetu lilianza na maji. Binti yangu ana miaka 8, alikuwa anaangalia video ya historia, mtoto wa shule huko India anakinga viganja anamwagiwa maji kutoka juu kabisa, yaani anayemmwagia kama anaogopa tone lisimrudie, binti akanigeukia, "Mama, kwani mikono yake ina nini?" Nikamjibu haraka haraka, "Wale ni maskini mwanangu," na hapohapo nikajua nimemdanganya, maana yule mtoto hata angekuwa na hela mfuko mzima bado angemwagiwa vilevile. Ilinichukua wiki nzima kulirekebisha lile jibu moja, kwa hiyo naandika hapa nilivyofanya, we usije ukaanzia nilipoanzia mimi.

Kwanza tenganisha umaskini na hili jambo. Kiswahili kinatuponza kidogo hapa maana neno ni lilelile, tunasema tabaka la matajiri na maskini, na ya India nayo tunaita matabaka, mtoto lazima achanganye. Mimi niliamua kumpa neno lao wenyewe, jati. Asili yake ni Kisanskriti na linahusu kuzaliwa, na linakaribia neno letu jadi kwa sauti ingawa hayana undugu, kwa hiyo halimtoki kichwani. Afu mweleze hivi: hela mtu anaweza kuzipata akazipoteza, ni ngumu na wengi wanaanza wakiwa nyuma sana (usimwambie kabisa kwamba maskini ni mvivu, hilo likiingia halitoki), lakini jati unapewa siku unayozaliwa, unaitoa kwa baba na mama, na hata ukisoma ukawa profesa watu watakuhesabia ileile. Inakuambia kazi gani ni yako, ule na nani, uoe wapi. Na kila unaposema hayo weka neno "wanasema", wanasema huyu ni safi, wanasema huyu anachafua. Watoto wanashika maneno kama yalivyo, ukisema "hawa ni wa chini" atabeba kwamba ni wa chini kweli. Nilimwambia walaze vichanga wawili pamoja, wa jati ya juu na wa jati ya chini, hakuna daktari duniani atakayekuonyesha yupi ni yupi, mpaka aje mtu aseme majina ya wazazi.

Habari ya makundi manne usikae nayo sana, sio mtihani. Kuna wimbo wa kale sana kwenye Rig Veda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, unaosema watu walitoka kwenye mwili wa kiumbe mmoja mkubwa, Wabrahmini ambao ni makuhani na wasomi walitoka mdomoni, Wakshatriya wapiganaji na watawala mikononi, Wavaishya wafanyabiashara na wakulima mapajani, Washudra watumishi miguuni. Chini ya hayo kuna jati zenyewe, na hizo ni maelfu. Mchoree mtu kwenye karatasi umwonyeshe kwa kidole, inatosha. Binti yangu aliangalia ule mchoro akauliza, "Na wale wa maji wako wapi?" Nikamwambia hawapo. Hawakuwekwa hata miguuni, wako nje ya mwili. Akanyamaza muda mrefu. Ukifika hapo na wewe nyamaza, usikimbilie kumfariji, acha limuingie.

Hao walioachwa nje zamani waliitwa "wasioguswa", ndo neno utakalokutana nalo kwenye vitabu vingi, ila usimfundishe mtoto kama jina lao, mwambie hayo ni matusi waliyopewa na wengine. Wenyewe wengi wanajiita Wadalit, maana yake waliovunjwa, waliosagwa. Na Gandhi aliwaita kwa jina jingine linalomaanisha watu wa Mungu, nia yake ilikuwa njema lakini Wadalit wengi hawalitaki, kwa sababu walitaka haki na sio huruma. Mtoto wa miaka 10 hivi anaweza kuielewa kabisa tofauti hiyo, mdogo zaidi usimbebeshe.

Baada ya hapo mpe hadithi ya kweli ya mtoto mmoja, hapo ndo panapofanya kazi kuliko maelezo yote. Mimi nilimchukua Bhimrao Ambedkar. Alizaliwa 1891 kwenye jati ya Wamahar, moja ya jati za Wadalit, baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo njaa haikuwa shida yao. Shuleni alikuwa anakwenda na gunia lake kutoka nyumbani la kukalia chini, anarudi nalo, maana hata yule mfagiaji wa shule hakutaka kuligusa. Bomba la maji haruhusiwi kulishika, mhudumu wa shule ndo amfungulie, mhudumu asipokuwepo siku hiyo hakuna maji. Rudia hiyo kwa mtoto taratibu, mwambie awaze kiu ya mchana wa jua kali, bomba lile pale analiona.

Alipokuwa na miaka kama 9 akafunga safari na kaka yake na watoto wa dada yake, wakapanda treni kumfuata baba aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Walinunuliwa nguo mpya, wakapendeza sana. Wakashuka stesheni ya Masur, baba hayupo maana barua haikumfikia. Mkuu wa stesheni akawaonea huruma, kawaona wamependeza akadhani ni watoto wa Wabrahmini, akawauliza nyie ni wakina nani, wakajibu kitoto tu bila kuwaza, sisi Wamahar. Uso wake ukabadilika palepale akaondoka. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuwepo ya kukodi ila hakuna mwenye mkokoteni aliyetaka kukaa nao, mwishowe akakubali mmoja kwa nauli mara mbili, na kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe, yeye atembee kwa miguu pembeni. Chakula walikuwa nacho, maji hawakupata, usiku mzima kila waliyemwomba anawakatalia, wakalala na njaa kwa sababu hawakuwa na cha kushushia. Haya yote aliyaandika mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Binti yangu aliniuliza, "Si wangesema uongo tu kwamba ni wale wengine?" Ni swali zuri sana na mtoto wako pia atakuuliza, nilimjibu kwamba njiani walijaribu hata hilo kwa ajili ya maji na bado hawakuambulia kitu, afu nikamwachia swali, kwa nini mtoto afike mahali pa kudanganya ndo anywe maji?

Kuna gemu nilifanya nyumbani ila fuata sharti moja, mwenye nafasi ya chini awe wewe mzazi, asiwe mtoto. Niliandika vikaratasi namba 1 mpaka 4, nikajipangia namba 4 mimi, binti akapata 1. Kwa saa nzima namba 4 haruhusiwi kugusa jagi la maji, anakinga mkono anamiminiwa, na haruhusiwi kuuliza kwa nini. Sababu ya sharti ni kwamba sitaki mtoto aonje kudharauliwa na watu anaowaamini, kumuona mama yake anakinga mkono ilitosha. Dakika za mwanzo alikuwa anaona aibu hata kunimiminia. Baada ya robo saa alishaanza, "namba nne subiri kwanza." Tulipomaliza nikamuuliza alijisikiaje akasema, "Mwanzoni vibaya, afu nikazoea." Hapo tulikaa tukaongea sana, maana hilo neno "nikazoea" linaeleza mambo mengi ya huu mfumo, wa juu sio kwamba wote wana roho mbaya, wamezoea tangu watoto na inawafaa. Na usimkaripie mtoto kwa kusema ukweli huo.

Swali lingine gumu ni "mbona hawakukataa wote?" Ambedkar mwenyewe alishalieleza vizuri, kwamba hii sio ngazi ya watu wawili mmoja juu mmoja chini, ina vidaraja vingi, na karibu kila mtu ana wa kumkanyaga chini yake, kwa hiyo anaogopa ikivunjwa na yeye atapoteza kile kidogo. Na ambaye hana ardhi, mwenye shamba analolima ndo huyohuyo wa jati ya juu, akileta ubishi leo kesho hana kazi.

Lakini walikataa, na hili usiliache, mtoto asibaki na picha ya watu wanaoonewa tu wamekaa kimya. Mwaka 1927 pale Mahad, India magharibi, kulikuwa na bwawa la mji ambalo ng'ombe wanakunywa bila shida na Wadalit hawaruhusiwi, Ambedkar akiwa ameshasoma mpaka Chuo Kikuu cha Columbia kule New York na pia London akaongoza maelfu ya watu wakatembea mpaka pale, akainama akachota kwa mkono akanywa, na wengine wakanywa. Basi. Wakapigwa kwa ajili hiyo, na wa jati za juu wakalifanyia bwawa ibada ya kulitakasa. Muulize mtoto wako, ng'ombe akinywa maji yanabaki safi, mtu akinywa yanachafuka, hiyo imekaaje? Atakujibu mwenyewe.

Miaka 20 na kitu baadaye huyohuyo aliyekuwa anabeba gunia ndo akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, ikaanza kazi tarehe 26 Januari 1950, na Ibara ya 17 inapiga marufuku kumtenga mtu kama "asiyeguswa". Hapa uwe makini, utasikia watu wanasema India ilifuta matabaka 1950, sio hivyo, kilichofutwa ni ule utengaji, jati zenyewe zipo mpaka leo. Wadalit ni zaidi ya milioni 200 kwa sensa ya 2011, na hapo wamehesabiwa Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu, Wadalit Wakristo na Waislamu hawamo. Wamepata marais wawili, K. R. Narayanan aliyeingia 1997 na Ram Nath Kovind 2017, na wakati huohuo bado kuna watu wanaingia kwenye mitaro ya maji machafu kusafisha kwa mikono, kazi iliyokatazwa na sheria, na wengi mno wao ni Wadalit. Yote mawili mwambie, ukisema la kwanza tu atadhani yameisha, ukisema la pili tu atakata tamaa.

Kwenye ajira za serikali kuu na vyuo vyake kuna nafasi zimetengwa, 15% za Wadalit na 7.5% za makabila ya asili, baadaye yakaongezwa 27% ya makundi mengine yaliyobaki nyuma. Mtoto atasema sio fair. Msikilize, afu mkumbushe lile bomba, muulize kama mtu kazuiwa kuingia darasani tangu enzi za babu wa babu yake, siku ukimfungulia mlango ukamwambia haya shindana na mwenzako ambaye kwao wamesoma vizazi kumi, hapo ndo fair imeanza? Usimlazimishe akubali. Binti yangu hakukubali siku hiyo, alikubali wiki iliyofuata akiwa anapiga mswaki, bila mimi kusema chochote.

Akiuliza "ni Mungu alitaka?" mimi jibu langu ni kwamba watu waliandika hivyo na watu wengine wa dini hiyohiyo wakapinga kwa kutumia hiyohiyo dini, wapo watakatifu washairi wa Kihindu walioimba dhidi ya jati karne na karne zilizopita. Na jati haiko kwa Wahindu peke yao, utaikuta kwa Waislamu, Wakristo na Masingasinga wa eneo hilo, iko Nepal na Pakistani, imehama hata na watu, ndo maana Seattle ya Marekani 2023 ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa jati. Kwa hiyo usimwache mtoto aseme "Wahindi ni wabaya", waliopigana nayo zaidi ya wote ni Wahindi.

Na jiandae na swali la "sisi je?" Litakuja tu. Jibu kwa vitu anavyoviona: nani anaitwa kwa jina lake na nani anaitwa kwa kazi yake, nani anakula na sahani ya peke yake, familia zipi zinasema "usioe kwa wale". Usijitetee, hesabuni pamoja.

Jambo la mwisho la kuangalia, akiwa na mwenzake darasani mwenye asili ya India atataka kwenda kumuuliza we ni jati gani. Mzuie kwa upole. India kwenyewe mtu akitaka kujua jati yako bila kukuuliza anakuuliza jina la ukoo, wengi wameliacha kwa sababu hiyo, kule Tamil Nadu ni kawaida mtu kutumia herufi ya kwanza ya jina la baba yake badala ya jina la jati. Nilimweleza hivyo binti yangu, akafikiria, akauliza kama jina la kwanza anaruhusiwa kuuliza. Nikamwambia hilo ruksa.