Usimkabili mzuka wa adhuhuri kabla ya kusoma
Unapoanza kucheza The Witcher 3, mchezo wa video uliotolewa mwaka 2015 na CD Projekt Red ya Poland, usikimbilie kupambana na mzuka wa adhuhuri anayekizunguka kisima karibu na kijiji cha White Orchard kabla hujasoma maelezo yake katika kitabu cha mazimwi kilichomo mchezoni. Humo utaelekezwa kuupaka upanga wa fedha mafuta ya mizuka, na kutega ishara ya kichawi iitwayo Yrden, lile duara la zambarau linalompa mzuka mwili unaokatika. Nje yake, mapigo yako ni kama kukata moshi. Mimi nililipuuza hilo, nikafa mara nne. Akijigawa, ziangamize nakala zake upesi, kwani humrudishia nguvu.