Uso na nyika kwenye turubai moja: mwongozo kwa kikundi cha wachoraji

Mwongozo huu umetokana na kusaidia kikundi ambacho kila mchoraji alikuwa hodari kwa upande wake: huyu mandhari ya nyika, yule nyuso za watu. Walipoanza kumweka mtu ndani ya mandhari, uso ulionekana kama umekatwa gazetini ukabandikwa. Kipaji hakikupungua mahali. Nyika ilichorwa kwa mwanga wa nje, uso kwa mwanga wa chumbani. Hatua hizi zinalenga kuondoa tofauti hiyo. Namna ya kunoa penseli na kuosha brashi mnaijua.

Hatua ya 1: Mahali na saa

Nendeni asubuhi mapema, au alasiri jua likishateremka. Jua la utosini hufuta vivuli vya ardhini na kuyageuza macho ya anayechorwa kuwa mashimo meusi. Turubai ikae kivulini chini ya mwavuli mweupe au wa kijivu, kwa sababu mwavuli wa rangi hutia rangi yake kila mahali. Ukichorea turubai inayopigwa na jua, kila rangi itaonekana angavu kuliko ilivyo, utaizidishia giza, kisha ukiingia ndani utakuta umechora giza la magharibi.

Hatua ya 2: Paleti moja kwa wote

Hapa sikubali mjadala. Rangi tano tu: nyeupe ya titani, oka ya manjano (rangi ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyekundu ya oksidi ya chuma na ultramarini (buluu iliyokolea). Majina ya kwenye tyubu hubadilika kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo someni namba ndogo za nyuma zinazotaja rangi halisi iliyomo, kwa mpangilio uleule: PW6, PY42 au PY43, PBr7, PR101 na PB29. Wapo watengenezaji wanaouza siena iliyotengenezwa kwa PR101. Hiyo mkinunua mtakuwa na nyekundu mbili zinazokaribiana.

Nyeusi ibaki nyumbani. Ultramarini na siena zikichanganywa hutoa giza lenye uhai, na mnaweza kulivuta kwenye ubaridi (ubuluu) au ujoto (wekundu) mpendavyo. Tyubu inayoitwa "rangi ya ngozi" mpeni mtu msiyempenda.

Paleti hii inafaa kwa sababu oka, siena na nyekundu hiyo zote hupata rangi yake kwenye oksidi za chuma, zilezile zinazoupa udongo wa maeneo kame umanjano na wekundu wake. Oka ya manjano ikichomwa hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, ikawa nyekundu. Mnachora ardhi kwa ardhi, na ngozi ya kila mtu inapatikana humohumo.

Hatua ya 3: Rangi ya chini

Wengi watawashauri mfunike turubai kwa siena nyepesi. Kwa misitu na milima ya kijani, sawa. Kwenye nyika, ambako kila kitu tayari ni cha joto, rangi hiyo huimeza picha. Mimi hutumia kijivu chenye ubuluu kidogo, cha wastani, kisha vipande vyake naviacha vichungulie kati ya mchanga na vichaka.

Hatua ya 4: Mandhari

Anzeni na anga, ardhi tambarare, miteremko, kisha vilivyosimama wima. Kwa kawaida mpangilio huo hutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza, lakini mchanga mweupe au chumvi iliyokauka vinaweza kuishinda hata anga kwa weupe. Aminini macho. Tena, hewa kavu iliyo safi huacha kilima cha mbali na kingo kali, wakati vumbi hulifanya eneo la mbali kuwa jepesi na lenye umanjano. Msipake ubuluu kwenye vilivyo mbali kwa mazoea tu.

Rangi ya akriliki (ile inayochanganywa na maji) kwenye upepo mkavu hukauka mkiitazama, na ikishakauka maji hayairudishi. Wekeni karatasi juu ya sponji yenye unyevu ndani ya sahani yenye mfuniko, mchanganyie rangi hapo. Chupa ya kunyunyizia maji isaidie, ila msizidishe maji kwenye rangi yenyewe. Inapoteza nguvu ya kushika.

Hatua ya 5: Uso na mwanga unaotoka ardhini

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, basi tulieni.

Kabla ya yote, ombeni ruhusa. Elewaneni na anayechorwa kuhusu malipo, na kama picha inaweza kuonyeshwa au kuuzwa, kabla brashi haijaguswa. Akiwa mzee, yeye ndiye anayechagua kiti na kivuli. Nyinyi mtajipanga kumzunguka.

Mkalisheni kivulini, na mbele yake kuwe na ardhi inayopigwa na jua. Sasa uso wake una mianga miwili. Anga inashuka juu ya paji la uso, mashavu na mabega, na mara nyingi ni ya ubuluu. Ardhi inarusha mwanga wa joto kwenda juu: chini ya kidevu, chini ya pua, chini ya nyusi. Anayezoea kuchora chumbani hupaka giza sehemu hizo za chini kwa sababu ndivyo alivyozoea. Hilo ndilo linaloufanya uso uonekane wa kubandikwa.

Kipimo chake ni rahisi. Kunjeni karatasi nyeupe katikati, muishike karibu na kidevu, upande mmoja ukitazama juu na mwingine chini. Karatasi ni ileile, lakini mtaona rangi mbili. Kila mchoraji achanganye rangi hizo mbili pembeni ya paleti kabla ya kugusa uso.

Kuna mitego. Shati jekundu hurusha wekundu kwenye kidevu, na mkeka wa kijani miguuni huharibu hesabu yote. Mchoraji akisogea karibu mno huziba mwanga wa ardhi bila kujua. Kwenye mawe meusi ya volkano hakuna mwanga mwingi wa kurudi, hivyo giza chini ya kidevu ni la kweli, lichoreni. Mvua ikinyesha na majani yakiota, joto hilo linageuka ukijani.

Kwa ngozi nyeusi, sehemu inayong'aa huakisi anga moja kwa moja. Ukiongeza nyeupe peke yake, ngozi inapauka na kuonekana ya majivu. Tieni nyeupe yenye chembe ya ultramarini, kwa kiasi kidogo, juu ya mchanganyiko wa siena, oka na ultramarini. Kwa ngozi nyeupe, tatizo hugeuka: wekundu wa mashavu na masikio huzidi, na oka husaidia kuutuliza.

Mwanga wa ardhi usizidi ule wa upande wenye mwanga mkuu. Kanuni hiyo huvunjika mtu akiwa kivulini karibu na mchanga mweupe sana. Finyeni macho mlinganishe. Msibishane kwa kumbukumbu.

Vivuli vinatembea. Choreni mipaka ya mwanga na giza kwa penseli mara mkao ukishatulia, kisha muishike hiyo hata jua likihama. Picha ya simu itawakumbusha umbo la sikio, lakini kamera hubana vivuli, basi msiitegemee kwa rangi. Mpumzisheni anayechorwa kila baada ya dakika 20, mkiwa mmeweka alama za miguu yake kwa mawe.

Hatua ya 6: Kubadilishana

Simamisheni picha zote pamoja, mrudi nyuma, mfinye macho. Ikiwa kuna uso wenye shaka, chukueni kwa ncha ya kisu cha paleti rangi mliyoiweka chini ya kidevu, muiguse kwenye ardhi ya picha hiyohiyo. Ikionekana ngeni kabisa, rekebisheni uso, si ardhi.

Kisha mchora mandhari amfundishe mchora nyuso, na kinyume chake. Huko Australia ya kati mwaka 1936, Albert Namatjira, Mwarrernte (mmoja wa wenyeji asilia wa huko), alisafiri na mchoraji Rex Battarbee akimtunzia ngamia, naye Battarbee akamfundisha rangi za maji. Mwaka 1938 Namatjira alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Melbourne, na ndugu zake wakafuata kuchora nchi hiyohiyo kavu. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, jipangeni hivyo.

Hatua ya 7: Kufunga mizigo

Turubai mbichi zitazamane, zikitenganishwa na vizibo kwenye kona. Wanaotumia rangi za mafuta wasitupe matambara yenye mafuta ya kitani kwenye gunia moja: yakikauka yakiwa yamerundikana huzalisha joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.