Steki laini za kitimoto kwa nyama ya bega

Ukifika bucha la kitimoto hapa Dar ukasema "nipe steki kilo moja", utapewa minofu ya paja iliyokatwakatwa vipande vya kurosti. Haina mfupa, haina mafuta, na ndiyo ya bei ya juu. Kwa wauza nyama wetu steki ni nyama isiyo na mfupa, basi. Unafika nyumbani unaikaanga, inakauka kama ubao, lawama anabeba nguruwe.

Nilichoma kitimoto miaka sita kwenye baa moja ya Kimara kabla sijaanza kupika oda za nyumbani. Malalamiko niliyoyasikia zaidi kaunta ni mawili: nyama ngumu, na chumvi haijaingia. Na nimeona watu wakiyatibu yote mawili kwa ndimu. Mtu anakamua ndimu nne, nyama inalala humo hadi asubuhi, inapauka kwa nje kama iliyochemshwa, ndani iko vilevile. Nyama ya bei nafuu hulainishwa na kisu, chumvi iliyopewa muda, na mfuniko. Ndimu ni ya ladha.

Vipimo vyote hapa ni vya kilo 1, inayotosha watu wanne au watano wakiwa na ndizi au ugali pembeni.

Hatua ya 1: Bucha

Omba bega, hasa pale linapokutana na shingo. Misuli ya hapo imefanya kazi maisha yote ya mnyama, kwa hiyo ina utando mwingi, na ndiyo maana watu wanaikimbia. Lakini utando huo ukipata moto wa taratibu unayeyuka na kuwa ule ute unaonata midomoni. Halafu kuna mafuta yaliyopita katikati ya nyama kama mistari. Paja halina hayo. Paja ukilizidishia dakika tatu motoni limekwisha, bega linavumilia.

Mimi husema hivi: "Mkubwa, nipe bega, lakini usilikatekate. Nitolee pande zima, mfupa toa, mafuta acha."

Atashangaa kidogo. "Anko, hili si la kurosti?"

Hilo hilo. Muhimu ni asilipige panga kwenye gogo, maana panga huacha vichembe vya mfupa ndani ya nyama na vipande havilingani. Mfupa uchukue, umeshaulipia, utapikia maharage. Kwenye bucha ninalonunua, bega na steki hupishana shilingi elfu mbili hadi tatu kwa kilo. Ukipika kila Jumamosi, hiyo ni hela ya mkaa na viungo vyote.

Kabla hujalipa, angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye ngozi au mafuta. Kisha angalia nyama yenyewe pale ilipokatwa. Ukiona vilengelenge vyeupe vinavyolingana na punje ya mchele, vimejaa maji, vimejipachika katikati ya nyuzi, hiyo nyama ina tegu. Iache hapo hapo hata kama bei imeshuka nusu. Wapo wanaosema ndimu na pilipili "vinaua wadudu". Haviui. Tegu anauawa na moto uliofika katikati ya nyama. Anayekula vilengelenge hivyo vibichi hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakitoka chooni yakarudi mdomoni kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, huanguliwa mwilini, na watoto wake ndio wanaokwenda kukaa hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo mambo ya steki yenye damu damu kati waachie wenye ng'ombe. Kitimoto lazima kiive.

Hatua ya 2: Kisu

Pande zima lifute maji kwa kitambaa safi. Kama una friza, liweke humo kama dakika 40 lianze kukakamaa kwa nje. Hapo hata kisu cha kawaida kitakata bapa lililonyooka. Huna friza, noa kisu tu.

Sasa tazama nyama kwa karibu. Utaona nyuzi zimelala upande mmoja, zimepangana kama katani iliyochanwa. Ukikata kwa kuzifuata, mlaji atazitafuna zikiwa ndefu kama zilivyo, na hakuna kiungo kitakachomsaidia. Kata kwa kuzivuka, kisu kikae kama msalaba juu ya nyuzi. Kwenye bega hili lina usumbufu wake, maana ni misuli kadhaa iliyobebana na kila mmoja una mwelekeo wake. Fuata ule mkubwa. Ukiona nyuzi zimegeuka, geuza pande na wewe.

Unene uwe wa kidole gumba, kama sentimita 2. Nyembamba zaidi ya hapo inakauka kabla haijapata rangi. Kilo moja itakupa bapa tano au sita.

Pembeni ya kila bapa kuna ukanda wa mafuta. Ukate kwa ncha ya kisu kila baada ya sentimita 3, bila kuingia kwenye nyama. Usipofanya hivyo ukanda unajivuta motoni na steki inajikunja kama bakuli: katikati haigusi kikaango, pembeni inaungua. Mafuta mengine yanayoning'inia yakate uyaweke kando, tutayahitaji.

Mwisho, geuza kisu na kwa mgongo wake gonga kila bapa, mistari ya kwenda na ya kukatiza, pande zote mbili. Usiitwange kama kisamvu. Unataka alama tu.

Hatua ya 3: Chumvi peke yake

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha nyama yenye ladha ndani na nyama iliyopakwa ladha. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, vyote hivyo hubaki juu juu, vinaingia milimita chache tu hata vikilala siku nzima. Chumvi ndiyo inayosafiri hadi ndani, na ikifika huko inaisaidia nyama kushika maji yake inapopikwa.

Chukua vijiko 2 vya chai vya chumvi, sawazisha visiwe na kilima, nyunyiza pande zote za bapa zako. Baada ya dakika kumi utaona nyama imetoa jasho, imelowa. Usimwage. Iache. Ndani ya saa moja jasho lile litaanza kurudi na nyama itakuwa inang'aa na kunata kidogo ukiigusa.

Mwenye friji aiache humo saa 4, au usiku kucha. Asiye na friji, na tuko wengi, asizidishe saa moja kwenye joto letu la Dar, kuanzia chumvi hadi motoni, viungo vikiwa ndani ya saa hiyo hiyo. Nyama iliyokaa mezani tangu asubuhi haikolei viungo, inaharibika.

Hatua ya 4: Viungo

Twanga pamoja kwenye kinu:

- punje 6 za kitunguu saumu
- tangawizi mbichi, kipande cha dole gumba
- pilipili manga kijiko 1 cha chai
- binzari nyembamba nusu kijiko cha chai

Changanya na vijiko vikubwa 2 vya soya sosi, sukari kijiko 1 cha chai, mafuta kijiko kikubwa 1 na maji ya nusu ndimu. Ile nusu nyingine ihifadhi. Soya sosi ina chumvi yake, ndiyo maana kwenye hatua ya 3 tuliishia vijiko viwili. Ukiamua kuiacha, ongeza nusu kijiko cha chumvi. Tangawizi usiipunguze, na usitumie ya unga: mbichi ina kitu chake kinacholainisha nyama, mbali na ladha.

Paka, panga bapa kwenye chombo chenye mfuniko. Zamani tulikuwa tunafunga kwenye rambo na kuikandakanda, mpaka mifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Chombo cha plastiki kinafanya kazi ile ile, na hakivuji kwenye friji. Dakika 30 zinatosha. Saa mbili ni nzuri kwa mwenye friji.

Papai bichi je? Linafanya kazi kweli, ule utomvu mweupe unakata nyuzi za nyama. Na ndilo lililonitia aibu kubwa kuliko zote kazini. Nilikuwa na oda ya kilo nane ya kipaimara. Nikakuna nusu papai, nikapaka, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi nimeshika bapa la kwanza, vidole vikazama. Kwenye moto nyama haikushika rangi, ilimeguka kama samaki aliyepita muda, nje unga unga, ndani haina mshiko. Mzee wa shughuli alionja, akanitazama, akasema, "Fundi, leo umetupikia uji wa mbuzi katoliki?" Nilirudi bucha kwa hela yangu.

Kwa hiyo, kama bega lako ni la nguruwe mkubwa, mzee, tumia kijiko 1 cha chai cha papai bichi lililokunwa kwa kilo, dakika 30 za mwisho tu kabla ya moto. Nguruwe mdogo hahitaji.

Hatua ya 5: Mafuta ya bure

Yale mafuta uliyoyakata, yakatekate madogo kama punje za mahindi, yaweke kwenye kikaango kizito na vijiko viwili vya maji, moto mdogo. Maji yanazuia yasiungue kabla hayajaanza kuyeyuka. Baada ya robo saa utakuwa na mafuta safi ya kukaangia na vipande vya dhahabu vinavyokwaruza ukivitikisa. Vitoe, nyunyiza chumvi. Kwangu havijawahi kufika mezani. Mafuta yatakayobaki mimina kwenye kopo, mboga ya majani ikiungwa nayo utaniambia.

Hatua ya 6: Rangi

Washa moto mkali. Kwangura viungo vyote juu ya nyama virudi kwenye chombo, maana kitunguu saumu kinaungua na kuwa kichungu muda mrefu kabla nyama haijabadilika rangi. Futa nyama ikauke. Nyama iliyolowa haikaangiki, inachemka.

Kikaango kikianza kutoa moshi mwembamba, laza bapa mbili, tatu zikiwa nyingi sana. Ziachie nafasi. Usikie kelele, ukisikia mlio umefifia ukageuka kuwa wa kutokota, umejaza mno, toa moja. Dakika 2 hadi 3, usizisogeze. Zikiwa tayari zitabanduka zenyewe. Geuza, dakika 2 nyingine, toa, weka sahanini, endelea na zilizobaki.

Hapa nje ni kahawia na harufu imefika kwa jirani, ndani bado mbichi. Wengi wanaishia hapa au wanaendelea kukaanga mpaka ikakamae. Vumilia.

Hatua ya 7: Mfuniko

Punguza moto. Kwa mkaa, toa zaidi ya nusu ya makaa, yaliyobaki yafunike na majivu. Kwa gesi, shusha mpaka mwisho. Tupia kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa duara, kigeuze dakika tatu kwenye mafuta yale yale, kisha mimina viungo vyote vilivyobaki kwenye chombo pamoja na nusu kikombe cha maji. Kwangua chini kwa mwiko, ile kahawia iliyoganda ndiyo mchuzi wenyewe. Subiri ichemke kwa nguvu. Viungo hivyo vimegusa nyama mbichi, havipakwi juu ya nyama iliyoiva bila kuchemka.

Rudisha bapa zote, hata zikipandana kidogo, pamoja na maji yaliyovuja sahanini. Funika. Kama mfuniko wako umepinda, kama wangu, weka foili au sahani nzito juu. Dakika 30 hadi 35, geuza mara moja katikati. Maji yakikauka ongeza vijiko vichache vya maji ya moto, sio ya baridi.

Kujua imeiva: choma uma katikati ya bapa nene kuliko yote, uzungushe kidogo. Uma ukizunguka na nyuzi zikaachia, tayari. Ukisikia nyama inazunguka pamoja na uma, ongeza dakika 8 ujaribu tena. Nguruwe mzee amewahi kunifikisha dakika 50. Kata pia kipande kimoja uangalie ndani: hakuna wekundu, maji yanayotoka hayana rangi ya damu. Mwenye kipimajoto cha nyama atakuwa amevuka nyuzi 71 muda mrefu.

Sasa toa mfuniko, ongeza moto, dakika 3 au 4. Mchuzi utakuwa mzito, na ile sukari kidogo itaanza kunata na kung'aa juu ya nyama. Usiondoke hapo, hata simu ikiita, maana kutoka kung'aa hadi kuungua ni sekunde chache. Epua, kamulia ile nusu ndimu, acha nyama itulie sahanini dakika 5.

Katika dakika hizo tano kikaango bado kina mafuta, vitunguu vilivyoshikana na mabaki ya mchuzi. Chukua ndizi ulizokwisha kuchemsha, zipasue katikati, zilaze humo upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka zishike rangi. Kachumbari pembeni, pilipili ya kung'ata, karibu.