Somo: Namna ya kuagiza chakula mgahawani bila kubeba kalori usizozijua

Nilipika kwenye jiko la mgahawa kwa miaka sita kabla sijaanza kuwaelekeza watu wanaopunguza uzito. Kitu kimoja nilichokiona kule jikoni ndicho ninachotaka mkishike leo: chakula ulichokitaja kwa mhudumu mara nyingi hakina shida. Uliagiza samaki, na samaki yuko sawa. Tatizo ni alichopakwa, alichokaangiwa na alichomwagiwa juu dakika ya mwisho kabla hajaletwa mezani.

Kwa hiyo sitawaambia mjinyime, wala mkae mezani mkinywa maji huku wenzenu wanakula. Tutajifunza kuondoa yale yanayoongezwa, na chakula chenyewe tukakiacha.

Kwanza hesabu, kwa sababu bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Pombe ina 7 kwa gramu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na hapo hakuna mafuta mepesi: ya alizeti, ya nazi, ya zeituni, yote ni mulemule. Siagi kijiko kikubwa ni kama 100. Mpishi aliye kwenye haraka hapimi kwa kijiko, anamimina. Akimimina mara tatu kwenye sahani moja, tayari umekula mlo wa pili ambao hukuuona wala hukuuonja.

HATUA YA 1: Amua kabla njaa haijakushika

Kama menyu inapatikana kwenye simu, isome ukiwa nyumbani au ofisini. Mtu mwenye njaa akifunguliwa menyu mezani, macho yanakwenda kwenye picha. Migahawa mikubwa yenye matawi mengi mara nyingi huandika kalori kando ya kila chakula. Marekani, kwa mfano, tangu Mei 2018 sheria inailazimisha migahawa yenye matawi 20 au zaidi kufanya hivyo. Zikiwepo, zitumie, ila angalia kama namba hiyo imejumuisha sosi na kinywaji.

HATUA YA 2: Jua kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo mtu aliyewahi kusimama jikoni anapoweza kuwasaidia. Chakula kilichopikwa kwenye sufuria kubwa tangu asubuhi hakiwezi kubadilishwa. Mchuzi mzito, wali uliokwisha kuungwa, nyama iliyolala kwenye viungo na mafuta usiku kucha, hata ukiomba kwa upole kiasi gani, mpishi hana namna. Kinachobadilika ni kile kinachowekwa motoni baada ya wewe kuagiza: kipande cha samaki, cha kuku au cha nyama, mayai, mboga, saladi, mkate unaojazwa vitu.

Basi swali la kwanza kwa mhudumu liwe hili: "Kipi mnapika mtu akishaagiza?" Jibu lake litakuokolea muda mwingi.

HATUA YA 3: Soma namna kilivyopikwa, si jina lake

Kuchemsha, mvuke, kuoka na kuchoma ni marafiki zako. Ukiona kukaangwa, kuchovywa kwenye unga, krimu, jibini juu, au "mkavu wa nje, laini wa ndani", fahamu mafuta yapo.

Chukua kiazi. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hazifiki kalori 90. Gramu 100 za chipsi zinafika kama 300. Kiazi ni kilekile, ila kikiingia kwenye mafuta ya moto maji yanatoka kama mvuke, na mafuta yanashika nafasi yake. Kadiri vipande vilivyo vyembamba ndivyo vinavyobeba mafuta mengi zaidi, maana sehemu ya nje imeongezeka. Kama chipsi ni lazima, chagua zilizokatwa nene. Biringanya nalo ni la kuogopwa kwenye kikaango: ni kama sponji, linanyonya kila unachomimina.

Kuhusu ngozi ya kuku, watu wanaihangaikia kuliko inavyostahili. Kidari cha kuchoma kisicho na ngozi kina kama kalori 165 kwa gramu 100, na chenye ngozi kama 200. Tofauti ipo, lakini kinachomuumiza mlaji zaidi ni lile gamba la unga lililokaangwa juu yake. Ukipewa kuku wa gamba na hakuna mwingine, bandua gamba, ule nyama.

HATUA YA 4: Tengeneza sentensi yako ya kuagizia

Mhudumu anaandika oda kwenye kikaratasi au anaibonyeza kwenye mashine. Mpishi anaisoma kwa sekunde mbili huku kikaango kinafuka moshi. Maombi matatu atayaona. Saba hatayasoma.

Usiseme "kisiwe na mafuta mengi". Neno "mengi" halina kipimo, na kwa mpishi yale aliyotia ndiyo kiasi. Sema kitu kinachoshikika:

"Naomba samaki wa kuchoma, asipakwe siagi. Sosi niwekee kwenye bakuli pembeni. Badala ya chipsi, nipatie mboga za mvuke zisizotiwa kitu juu."

Maneno hayo ya mwisho yana sababu yake. Pale nilipokuwa napika tulikuwa na kikaango kidogo kilichokaa muda wote kando ya jiko, siagi imeshayeyuka ndani yake. Karoti na maharage mabichi vikitoka kwenye mvuke, tunavitupia humo, tunavigeuza mara mbili, tunavipanga kwenye sahani vinameta. Kwenye menyu iliandikwa "mboga za mvuke", na kweli zilipikwa kwa mvuke. Mteja aliyeagiza kwa kuogopa kalori alikuwa anakula siagi kijiko kizima, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana nasisitiza: omba mboga, kisha taja zisitiwe kitu juu. Limau na pilipili manga ukiweka mwenyewe mezani, ladha ipo.

HATUA YA 5: Sosi pembeni, na ujue kuitumia

Kuomba sosi pembeni kisha kuimwaga yote juu ni kazi bure. Chovya ncha za uma kwenye sosi, halafu chukua chakula. Kila tonge linapata ladha, na mwisho wa mlo bakuli linabaki na zaidi ya nusu. Mayonezi kijiko kikubwa ni kama kalori 90 hadi 100, na sosi nyingi nyeupe za saladi zimetokana na mayonezi au krimu. Haradali, siki, limau na sosi ya nyanya ya pilipili ni nyepesi sana ukilinganisha.

Kwenye saladi nataka tukae kidogo, kwa sababu watu huagiza saladi wakiamini wameshamaliza kazi. Mwaka 2004 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 42 waliopewa saladi kabla ya chakula cha mchana, kisha wakaachwa wale tambi kadiri walivyotaka. Siku walipopewa saladi kubwa yenye kalori chache, jumla ya kalori za mlo mzima ilishuka kwa asilimia 12 kuliko siku waliyokula bila saladi. Siku saladi kubwa ilipokuwa na sosi nzito na jibini nyingi, jumla ilipanda kwa asilimia 17. Majani yalishibisha vilevile, ila kilichomwagwa juu kiligeuza hesabu.

Kwa hiyo: saladi iletwe kwanza, jibini na vipande vya mkate wa kukaanga viondolewe, sosi pembeni. Supu ya mboga isiyo na krimu inafanya kazi hiyohiyo.

HATUA YA 6: Kinywaji

Hatua fupi kuliko zote, na kwa watu wengi ndiyo yenye faida ya haraka. Kopo la soda la mililita 330 lina kama gramu 35 za sukari, sawa na kalori 140 hivi. Juisi ya machungwa, hata iliyokamuliwa mbele yako, haiko mbali sana na soda kwa kalori. Agiza maji. Kahawa ya maziwa iombe kwa maziwa yasiyo na mafuta, bila sharubati ya ladha na bila povu la krimu juu.

HATUA YA 7: Gawa kabla hujaanza

Chakula kikiwa kingi, mwambie mhudumu akufungie nusu kabla hakijafika mezani. Ukisubiri ushibe ndipo ufungiwe, utakuta umebakiza mifupa. Kilichofungwa kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili.

Usipunguze nyama, samaki, mayai au maharage kwenye sahani. Protini ndiyo itakayokushikilia usirudi jikoni saa nne usiku. Punguza wali, tambi au mkate kwa nusu, ongeza mboga mahali pake.

Na kuna vyakula ambavyo mimi sivigusi kuvibadilisha. Piza isiyo na jibini haimfurahishi mtu, na asiyefurahi atatafuta kingine baadaye. Kula vipande viwili vya piza halisi pamoja na saladi, uendelee na maisha.

MASWALI YENU

Swali: Mwalimu, mimi naona aibu kumsumbua mhudumu. Watu wakiwa nyuma yangu kwenye foleni ndiyo kabisa siwezi.

Jibu: Nakuelewa, na si wewe peke yako. Nikwambie ilivyo upande wa pili: mpishi hachukizwi na "sosi pembeni", maana inampunguzia kazi. Kinachomkera ni sahani kurudishwa ikiwa imeshapikwa. Anza na ombi moja tu kwa mwezi mzima, hilo la sosi. Ulimi ukizoea, ongeza la pili.

Swali: Niliomba mayai bila mafuta, yakaja yanaelea. Nirudishe?

Jibu: Kama mapishi ni ya dakika tano kama mayai, rudisha kwa upole, mapema, kabla hujayagusa: "Samahani, niliomba yasitiwe mafuta, naomba mnisaidie." Safari nyingine omba mayai ya kuchemsha. Yai la kuchemsha halina pa kufichia mafuta. Kwa chakula kinachochukua muda mrefu mimi huegemeza sahani kidogo, mafuta yakachuruzika upande mmoja, nikala upande wa pili.

Swali: Menyu ya mahali ninapokula inaandika kJ, si kalori. Nafanyaje?

Jibu: kJ ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati ya chakula. Gawanya kwa 4.2 upate kalori. Chakula cha kJ 2,100 ni kalori 500. Na ukiona kcal, ndizo hizihizi ambazo sisi tunaziita kalori.

Swali: Nikijua usiku tunakwenda kula nje, si bora nishinde njaa mchana?

Jibu: Hapana. Utafika na njaa ya kula meza na viti vyake. Kula mchana chakula chepesi chenye protini na mboga, na saa moja kabla ya kutoka, ule tunda. Na kwa wenzetu wenye kisukari wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kuruka mlo au kupunguza wanga ghafla kunaweza kushusha sukari hadi kiwango cha hatari. Ninyi msibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na daktari wenu.

Swali: Soda isiyo na sukari inafaa?

Jibu: Kwa hesabu ya kalori, ndiyo, ni kama sifuri. Kama ndiyo inayokusaidia kuachana na soda ya sukari, itumie. Maji bado nayapendelea, kwa sababu ulimi unazoea utamu mdogo.

Swali: Ninaagiza kwa programu ya simu, chakula kinaletwa nyumbani. Hakuna mhudumu wa kumwambia.

Jibu: Tafuta sehemu ya kuandika maelezo kwa mpishi. Andika kwa ufupi, kila ombi mstari wake: "Sosi kwenye kikopo. Bila mayonezi. Mboga bila siagi." Ukiona programu ina vitufe vya kuondoa viungo, tumia hivyo badala ya maelezo, maana vinachapishwa moja kwa moja kwenye oda ya jikoni. Chakula kikifika, hamishia kwenye sahani yako. Ukila ndani ya boksi hutaona ni kiasi gani.

Swali: Bosi wangu ndiye aliyetualika, na ameagiza vyakula vya kuchangia katikati ya meza. Siwezi kuanza kusema sitaki hiki, sitaki kile.

Jibu: Hapo usibadilishe oda, badilisha mpangilio wa sahani yako. Jaza nusu kwa mboga au saladi ya mezani, weka kipande kimoja cha nyama, na kijiko kimoja cha kile kitamu ambacho mwenyeji anakisifia, ukile polepole na umwambie kweli ni kitamu. Glasi yako iwe na maji wakati wote ili asikujazie kingine. Mlo wa aina hii ukikutokea mara moja kwa mwezi, usiuhesabu. Ukiwa ni kila Ijumaa, niandikie tena, uniambie huwa kunaletwa nini mezani, tukipange pamoja.