Hela ya kuunga unga: kadi ya grafiksi ubadilishe lini

Kabla hujaanza kutafuta kadi mpya hakikisha kwanza kwamba kadi uliyonayo ndo inayokukwamisha, manake watu wanajibana miezi na miezi, wananunua grafiksi, wanaichomeka, alafu gemu linakwama vilevile kwa sababu shida toka mwanzo ilikuwa prosesa au ramu. Inaniuma sana nikiona hivyo, mtu mwenye hela ya kuunga unga hana nafasi ya kununua mara mbili.

Kupima ni bure. Weka MSI Afterburner (programu ya bure ya kuangalia kadi inavyofanya kazi), washa ile sehemu ya kuonyesha namba juu ya skrini, zima vsync (inayofunga fremu zilingane na kasi ya monita) na kikomo chochote cha fremu, yaani picha kwa sekunde (hii usiisahau kabisa, ukiacha kikomo kadi itaonyesha haifanyi kazi kumbe umeifunga mwenyewe), alafu ingia kwenye gemu linalokusumbua, sio kwenye menyu, nenda kwenye vita au mji wenye watu wengi na ucheze mpaka kadi ishike moto vizuri. Matumizi ya GPU, yaani ya kadi, yakikaa asilimia 95 mpaka 99 muda wote na fremu bado ni chache, kadi ndo imefika mwisho wa nguvu zake. Yakiwa yanazurura asilimia 50 au 60 huku fremu ni chache, kadi inamsubiri mwenzake, mara nyingi prosesa, na usidanganyike ukiona prosesa inasoma asilimia 40 kwa ujumla, gemu nyingi zinaegemea kori moja au mbili, hizo zikijaa umekwama hata kama zingine zimelala. Bado una wasiwasi? Shusha rezolusheni mpaka 720p. Fremu zikipanda sana shida ni kadi, zikibaki palepale hata ukinunua kadi ya bei gani hautaona tofauti ya maana.

Kitu kinachowachanganya wengi ni VRAM, yaani memori ya kadi yenyewe. Ikijaa, kadi inaanza kuazima ramu ya kompyuta kupitia njia ya PCIe (ile soketi ya ubao kadi inapochomekwa) ambayo ni ya polepole mno ukilinganisha na memori yake yenyewe, kwa hiyo unaweza kuona wastani mzuri tu wa fremu 55 lakini kila ukigeuka kona gemu linashtuka. Hapo wala usikimbilie kushusha setingi zote, shusha tekscha peke yake hatua moja uone, mara nyingi gemu linatulia na sura haiharibiki kivile. Ila kama una 4GB na tekscha tayari ziko chini kabisa na bado linashtuka, hapo hakuna ujanja tena.

Na kuna vitu vya bure au vya hela kidogo vya kumaliza kwanza. Safisha vumbi kwenye kadi na kesi, kadi nyingi za NVIDIA kama zile za GTX 10 zikigonga nyuzi 83 zinajipunguzia spidi zenyewe, na kama kadi ni ya miaka mingi pesti yake ya kupitisha joto imeshakauka, badilisha. Una kijiti kimoja cha ramu? Ongeza cha pili kinachofanana nacho, vikae kwenye nafasi sahihi vifanye kazi kwa chaneli mbili, kwa prosesa nyingi hiyo inaondoa kukwama kwama kuliko watu wanavyodhani. Alafu kuna FSR ya AMD, inayochora gemu kwa rezolusheni ndogo kisha kuikuza ili upate fremu zaidi, ipo toka 2021 na matoleo yake ya kabla ya FSR 4 yanakubali hata kwenye kadi za GTX, tofauti na DLSS ya NVIDIA inayotaka kadi za RTX. Kwa monita ya 1080p ibakize kwenye kiwango cha juu cha ubora, ukishuka zaidi picha inakuwa na ukungu.

Sasa lini ndo muda wenyewe? Kwangu mimi ni pale gemu unazocheza kweli, sio zile unazoziona kwa wengine, haziwezi kushika fremu 40 hata ukiweka setingi za chini na FSR juu yake. Au gemu halifunguki kabisa, mfano Doom: The Dark Ages ya 2025 inalazimisha kadi yenye ray tracing (uwezo wa kuchora mwanga kama wa kweli), hata GTX 1080 Ti pamoja na nguvu zake zote haina nafasi hapo. Kadi mpya kutangazwa sio sababu.

Na ukibadilisha, ruka mbali. Kadi iliyozidi ya kwako kwa asilimia 30 inakutoa fremu 40 kwenda 52, hela imeisha na baada ya mwaka umerudi kulekule. Mimi nasema subiri mpaka hela yako ifikie kadi yenye karibu mara mbili ya uwezo wa sasa na VRAM isiyopungua 8GB, hata kama ni kusubiri muda mrefu.

Kwenye bajeti hesabu na pawa saplai. Soketi ya PCIe inatoa wati 75 tu, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150, na kompyuta nyingi zilizotoka ofisini hazina hizo waya kabisa, kwa hiyo kama yako ni ya hivyo inabaki kadi isiyohitaji waya kama RTX 3050 ya 6GB, hata kama haifiki ile 8GB. Ubao ukiwa wa PCIe 3.0 ogopa RX 6500 XT ya AMD, inatumia njia nne tu na ina 4GB, kwenye ubao wa zamani inapoteza nguvu wazi wazi. Intel Arc (kadi za Intel) nayo inataka Resizable BAR, setingi ya BIOS inayomruhusu prosesa kufikia VRAM yote kwa mara moja, kama ubao wako hauna achana nayo.

Mtumba sio mbaya hata kidogo, ndo unaotuokoa wengi, ila usitoe hela bila kuona kadi inafanya kazi. Fungua GPU-Z kwanza, programu ya bure inayoonyesha kadi ni ipi hasa, kuna kadi za zamani sana zimebadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijiite GTX 1050 Ti na GPU-Z inaziandika wazi kuwa ni feki. Alafu iendeshe FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika 15 hivi, sikiliza feni, angalia joto, ukiona vidoti au mistari ya rangi rangi kwenye skrini ondoka hata akikupunguzia bei nusu. GTX 10 nazo angalia mara mbili, NVIDIA imeacha kuzitolea draiva mpya za gemu toka Oktoba 2025, zimebaki na za usalama tu.

Ukishaichomeka futa draiva za zamani kwa DDU (programu ya bure ya kuzifuta kabisa) ndo uweke mpya, rudia kipimo kilekile kwenye gemu lilelile, na ile kadi ya zamani usiiuze mpaka hii imekaa wiki kadhaa bila shida.