Bustani ya maji uani, kwa mfano wa Bonde la Kilombero

Neno bustani limetoka Uajemi, na huko lilimaanisha mahali pa harufu nzuri. Mama yangu, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa Ifakara, hakuhitaji kuambiwa hilo. Kila aliposikia Pepo ikisomwa, mabustani yapitayo mito chini yake, alitazama asumini na mrihani wake akasema kilichobaki ni mto tu. Mto huo nimemletea uani, ingawa hayupo tena kuuona. Nimeuiga Kilombero, mto tuliouvuka kwa kivuko nikiwa mtoto, ambao bonde lake liliingia mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Anza na maji, mimea itafuata. Bondeni maji huingia, hutulia, kisha huondoka. Na uani yafanye vivyo hivyo. Mimi nayakinga batini: mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 40 huleta karibu lita 400.

Chimba kiangazi. Dimbwi langu lina urefu wa mita 3, upana mita 2, na kina cha sentimita 60 katikati. Pembeni acha kidaraja, yaani ngazi ya udongo, chenye kina cha sentimita 20. Hapo ndipo yatakapokaa mafunjo. Kuzuia maji yasinywe na ardhi, nimeona hakuna kama udongo wa kichuguu. Uponde, ulowanishe, uutandaze tabaka kwa tabaka hadi ufike unene wa sentimita 15, na kila tabaka ulikanyage kwa miguu mpaka ling'ae kama chungu kibichi. Jaza maji mapema, maana ukikauka utapasuka. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, tangulia kuzungushia uzio.

Mafunjo na matete usiyapande kwenye udongo huo. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo. Mizizi ya matete ikatoboa kingo na dimbwi likakauka kabla ya Agosti. Yapande kwenye ndoo kuukuu. Yungiyungi la buluu lipe karai la udongo mzito uliofunikwa kokoto, uliweke katikati penye jua. Hufunguka asubuhi, likajifunga alasiri. Gugumaji likatae hata ukipewa bure: maua yake yanapendeza, lakini litafunika maji yote.

Majirani watakuuliza habari za mbu, na wana haki. Weka perege wadogo kama 10, watakula viluwiluwi. Ila samaki hawapenyi kwenye majani yaliyosongamana, kwa hiyo punguza mafunjo kila mwezi.

Upande wa chini toboa njia ya maji kutokea, uyaelekeze kwenye magimbi na migomba. Asumini ipande kule unakotoka upepo wa jioni, wakati inapofunguka, na mkeka wako utandike ng'ambo ya dimbwi, ili harufu ipite kwanza juu ya maji.